Kuanza Kusoma Kabala: Mwongozo kwa Asiyejua Pa Kushika

Maswali yanayonifikia kuhusu Kabala ni yaleyale, na huja kwa mpangilio uleule. Muulizaji amesikia kwamba ipo elimu ya siri ya Kiyahudi inayomkuza mtu kiroho, ametafuta Zohar, kitabu kikuu cha elimu hiyo, amefungua ukurasa wa kwanza, hakuelewa hata sentensi tatu, na sasa anataka kujua kama kasoro iko kwake au kwenye kitabu. Wengine huuliza kama huu ni uchawi. Wengine huuliza kama ni lazima uwe Myahudi, au uwe umetimiza miaka 40, au ufunge uzi mwekundu mkononi. Nimeona heri niyaweke majibu mahali pamoja, kwa utaratibu ambao mtu anaweza kuufuata nyumbani kwake baada ya kazi.

Niseme mapema msimamo wangu, kwa kuwa ndio unaotawala hatua zote zinazofuata: Kabala husomwa kutoka chini kwenda juu. Anayeanza hushika kwanza aya ya Torati, herufi, na mwenendo wake mwenyewe ndani ya nyumba anamolala. Malaika na mianga watamsubiri. Mimi nilianzia juu. Nilisoma tafsiri ya Zohar kila usiku kwa miezi minne, nikajaza daftari zima maneno makubwa, na mwishoni jambo pekee lililokuwa limeongezeka ndani yangu lilikuwa kiburi.

Unachohitaji kabla ya kuanza

- Biblia ya Kiswahili yenye Agano la Kale. Nitanukuu toleo la Union, kwa sababu katika aya tutakazozitumia limekwenda karibu sana na Kiebrania.
- Daftari la mistari na kalamu. Simu haifai kwa kazi hii, kwani utaandika mambo ambayo hutaki yachanganyike na ujumbe wa watu.
- Karatasi moja kubwa isiyo na mistari.
- Jedwali la herufi 22 za Kiebrania pamoja na thamani ya kila herufi kwa tarakimu.
- Kiingereza cha kusomea, au rafiki mwenye nacho, kwa sababu tafsiri nyingi utakazozikuta ziko katika lugha hiyo. Maktaba ya mtandaoni ya Sefaria ina maandiko mengi ya Kiyahudi bila malipo.
- Nusu saa kwa siku, ikiwezekana saa ileile.
- Mtu mmoja wa kusoma naye. Kama hayupo bado, anza peke yako huku ukimtafuta.

Huhitaji uzi mwekundu, maji yaliyoombewa wala seti kamili ya Zohar ya kupamba rafu. Anayekuambia kwamba utanufaika hata ukipitisha tu macho kwenye kurasa usizozielewa huenda anaamini anachokisema, lakini ukiona ana bei mkononi, rudisha pochi mfukoni.

Je, ninaruhusiwa?

Kuhusu umri: mwaka 1756 marabi waliokutana Brody, mji ambao leo uko Ukraine, walizuia Zohar kusomwa na mtu aliye chini ya miaka 30, na maandiko ya Isaac Luria, mwalimu mkubwa wa Kabala, na aliye chini ya miaka 40. Walikuwa na sababu. Karne moja kabla yao Shabtai Tzvi alikuwa amedai kuwa Masihi kwa kutumia lugha ya Kabala, akavuta umati mkubwa wa Wayahudi, kisha mwaka 1666 akasilimu mbele ya sultani wa Uturuki. Na wakati wa mkutano wa Brody wafuasi wa Jacob Frank walikuwa wakiyachochea tena makaa yaleyale. Kilichotafutwa katika miaka hiyo 40 ni ukomavu. Luria mwenyewe, ambaye mafundisho yake ndiyo yaliyowekewa uzio mrefu zaidi, alizaliwa mwaka 1534 na kufariki mwaka 1572, kwa hiyo hakuifikia arobaini.

Kuhusu dini: Kabala ni elimu ya Wayahudi, na imekaa juu ya Torati, sala na amri zao. Asiye Myahudi anaweza kuisoma. Pico della Mirandola, Mkristo wa Italia, aliisoma katika karne ya 15, na wengi wamemfuata. Kinachotakiwa ni adabu ya mgeni. Mgeni huketi anapoonyeshwa, hahamishi viti, wala hatoki nje kutangaza kwamba nyumba ni yake.

Kuhusu uchawi: lipo tawi liitwalo Kabala ya vitendo, lenye hirizi na majina ya malaika, na mtu aliyekulia pwani akiona makombe na talasimu atalitambua mara moja. Luria aliwakataza wanafunzi wake wasilitumie. Mwongozo huu nao hauligusi.

Hatua ya 1: Lielewe neno lenyewe

Neno hili lina maana ya kupokea, na mzizi wake ni Q-B-L. Mzizi huohuo ulitufikia sisi kupitia Kiarabu katika kubali, kabla, kibla na mkabala. Tafsiri yake bora kwa Kiswahili ni neno ambalo makanisa yamekuwa nalo siku zote, yaani mapokeo. Ukishalijua hilo, nusu ya maswali hujijibu yenyewe, kwa sababu kilichopokewa kina aliyekitoa, na kwa hiyo hakitungwi upya na kila msomaji.

Historia inayokutosha kwa sasa ni fupi. Kabala ilijitokeza kusini mwa Ufaransa na Hispania katika karne ya 12 na 13. Zohar ilianza kuonekana Castile mwishoni mwa karne ya 13. Na katika karne ya 16 mji mdogo wa Safed, katika milima ya Galilaya, uliwakusanya Moses Cordovero, Isaac Luria na Haim Vital, ambao ndio waliolipa somo hili sura tunayoikuta leo.

Hatua ya 2: Soma Torati kwa mafungu ya wiki

Wayahudi wameigawa Torati katika mafungu 54 yanayosomwa kwa mwaka mzima, na sehemu kubwa ya Zohar ni ufafanuzi unaofuata mafungu hayo. Kwa hiyo asiyejua kisa cha Ibrahimu hawezi kujua Zohar inamsema nani. Tafuta fungu la wiki hii, lisome lote mara moja, kisha chagua aya moja uikalie kwa siku sita.

Chukua mfano wa Mwanzo 12:1: "Toka wewe katika nchi yako." Wengi tumeipita aya hii bila kujiuliza lile "wewe" linafanya nini hapo, wakati "toka" peke yake ingetosha. Kiebrania kinasema *lekh lekha*, yaani nenda, kisha kinaongeza neno lenye maana ya kwako au kwa ajili yako. Zohar inalishika neno hilo la ziada na kulisoma kwamba Ibrahimu anaambiwa aende kwa ajili ya nafsi yake, akajijue na kujitengeneza. Kiswahili kingeweza hata kusema "jiendee". Kazi ya Kabala katika usomaji ndiyo hii: neno linaloonekana kuzidi ndilo linalogeuzwa mlango. Fanya zoezi hili kwa mafungu manne, yaani mwezi mmoja, kabla ya kufungua kitabu kingine chochote.

Jihadhari: usiruke maana ya wazi. Kama hujajua Ibrahimu alikuwa anatoka wapi kwenda wapi, bado hujaistahili safari yake ya ndani.

Hatua ya 3: Jifunze herufi 22

Herufi mbili kwa siku zinakumaliza katika siku 11. Huandikwa kutoka kulia kwenda kushoto, na aliyepitia madrasa ana mtaji tayari, kwa sababu mpangilio wa abjadi, yaani alifu, be, jimu, dali, ni ndugu wa alef, bet, gimel, dalet. Ziandike kwa mkono. Huhitaji kuielewa lugha nzima. Unahitaji kuweza kulitambua neno linaporudi.

Kila herufi ni namba pia, na hapo ndipo penye hesabu ya maneno iitwayo gematria. *Ahava*, upendo, ni 1+5+2+5, yaani 13. *Ehad*, mmoja, ni 1+8+4, nayo ni 13. Zijumlishe upate 26, ambayo ndiyo hesabu ya Jina la Mungu lenye herufi nne: 10+5+6+5. Anayesoma hutafakari upendo na umoja vinapokutana ndani ya Jina, kisha huendelea na aya yake.

Jihadhari: gematria haitabiri matokeo ya mpira, namba ya bahati wala jina la mchumba. Ukitafuta kwa bidii, kila neno litalingana na neno lingine unalolitaka, na hiyo ndiyo sababu walimu huitumia kama chumvi. Nimewaona watu wazima wakiipika kama chakula chenyewe.

Hatua ya 4: Chora sefira kumi kwa mkono wako

Sefira ni njia kumi ambazo kwazo Mungu asiye na mwisho, ambaye Kabala humwita Ein Sof, hujidhihirisha katika uumbaji. Usianze kwa kunakili mchoro wa mtandaoni wenye rangi. Anza na 1 Mambo ya Nyakati 29:11, sala ya Daudi: "Ee BWANA, ukuu ni wako, na uweza, na utukufu, na kushinda, na enzi." Aya inaendelea kutaja vyote vilivyo mbinguni na duniani, kisha ufalme. Hizo ni sefira saba za chini kwa mpangilio wake: ukuu (ambao huitwa pia Hesed, yaani fadhili), uweza (Gevura), utukufu (Tiferet), kushinda (Netzah), enzi (Hod), neno "vyote" linalosimama mahali pa Yesod (msingi), na ufalme (Malkhut). Juu yake zipo Keter, yaani taji, Hokhma na Bina. Hizo mbili za mwisho utazikuta katika Mithali 3:19 zikiwa hekima na akili.

Sasa chora. Katikati, kutoka juu kwenda chini, weka Keter, Tiferet, Yesod na Malkhut. Mkono wa kulia weka Hokhma, Hesed na Netzah. Kushoto weka Bina, Gevura na Hod. Kulia ni upande wa kumimina, kushoto ni upande wa kuzuia, na katikati ndipo viwili hivyo vinapopatana.

Majina haya si mageni kwetu kama yanavyoonekana. Hokhma ni ndugu wa hekima. Bina imetoka kwenye mzizi mmoja na bayana na bainisha. Gevura ni ndugu wa jabari, na Malkhut wa milki. Hata maneno ya Kabala kuhusu roho ya mwanadamu, *nefesh* na *ruah*, ni nafsi na roho zetu. Ila kuna mtego mmoja, nao unanifurahisha kila ninapoufikiria: kwa Kiebrania *hasid* ni mtu aliyejaa hesed, mcha Mungu mwenye fadhili, lakini hasidi wa Kiswahili, kwa mzizi wenye herufi zilezile, ni mtu wa husuda. Usije ukamsifu rabi kwa neno hilo ukiwa Lamu.

Jihadhari: sefira si miungu kumi, wala si viumbe kumi vya kuombwa kimoja kimoja. Cordovero alizifananisha na maji yanayomiminwa katika vyombo vyenye rangi mbalimbali: maji yenyewe hayana rangi hata kama jicho linaona nyekundu au kijani. Ukijikuta unazungumza na Gevura kana kwamba ni mtu, rudi kwenye Torati kwa wiki mbili.

Hatua ya 5: Shika kitabu kimoja kidogo

Ningekuwa na ruhusa ya kumpa anayeanza kitabu kimoja tu, ningempa *Tomer Devora*, yaani Mtende wa Debora, cha Moses Cordovero (1522–1570). Kina sura kumi fupi, na swali lake ni moja: ikiwa mtu ameumbwa kwa mfano wa Mungu, afananeje naye katika matendo? Sefira ambazo umezichora kama mchoro hapo zinageuka kuwa mwenendo.

Sura ya kwanza inachambua sifa 13 za rehema kutoka Mika 7:18-20. Sifa ya kwanza imejengwa juu ya maneno "Ni nani aliye Mungu kama wewe", na hoja yake ni kwamba Mungu ni mfalme anayetukanwa na kuvumilia kwa namna isiyoelezeka, kwa sababu mtu anapotenda dhambi kwa mkono wake, katika dakika hiyohiyo Mungu anaendelea kuupa mkono ule nguvu ya kutikisika. Angeweza kuikata nguvu hiyo. Haikati. Cordovero anamtaka msomaji naye asikate wema wake kwa mtu anayemkosea, hata wakati kosa linaendelea. (Anazungumzia wema wako. Hasemi kwamba mwanamke anayepigwa abaki ndani ya nyumba apigwe, na yeyote anayeifundisha sura hii hivyo hajaielewa.)

Sura ya pili, inayohusu Keter, inashuka kwenye viungo vya kichwa: paji la uso lisiwe gumu kwa anayekuja, masikio yageukie habari njema na kuyapa mgongo masengenyo, macho yasitue juu ya ubaya ila yawe wazi kwa mwenye shida, pua isifuke hasira, uso ung'ae kwa kila mtu, mdomo utoe jema. Sura ya tano, ya Hesed, inataja kazi ambazo mtaa wowote unazijua: kumwona mgonjwa, kumzika maiti, kumpokea mgeni, kupatanisha waliogombana. Soma sura moja kwa wiki mbili, ukiirudia.

Hatua ya 6: Fanya mzunguko wa siku 49

Hii ndiyo hatua inayobeba mwongozo mzima, kwa hiyo usiiharakishe. Walawi 23:15-16 inaamuru zihesabiwe siku tangu kuletwa mganda wa kutikiswa hadi siku ya 50. Wayahudi huzihesabu kila usiku, kuanzia usiku wa pili wa Pasaka hadi Sikukuu ya Majuma, na Kabala imeziweka sefira saba za chini juu ya wiki hizo saba: wiki ya kwanza Hesed, ya pili Gevura, ya tatu Tiferet, ya nne Netzah, ya tano Hod, ya sita Yesod, ya saba Malkhut. Ndani ya kila wiki siku saba nazo hupita mpangilio huohuo. Siku ya 1 ni Hesed ndani ya Hesed. Siku ya 8 ni Hesed ndani ya Gevura, yaani fadhili ndani ya ukali. Siku ya 33 ni Hod ndani ya Hod, nayo ndiyo siku ambayo watu humiminika Meron, huko Galilaya, kwenye kaburi la Rabi Shimon bar Yohai, ambaye mapokeo humhusisha na Zohar.

Hesabu yenyewe pamoja na baraka yake ni amri kwa Wayahudi. Wewe ambaye si Myahudi chukua mpangilio tu, uache baraka, na unaweza kuuanza mwezi wowote. Fanya hivi:

1. Andika kwenye daftari siku zote 49 na majina yake mawilimawili kabla hujaanza.
2. Jioni soma jina la siku inayoingia, kwa sababu siku ya Kiyahudi huanza jua linapotua. Jiulize ni jambo gani la kesho litakalolihusu.
3. Usiku unaofuata andika mistari mitatu, isizidi: ulichokusudia, ulichofanya, na mahali ulipojikuta ukijidanganya.

Nitakuonyesha ukurasa wangu wa siku ya 8. Nilikuwa nimemkopesha jirani shilingi 20,000 na mwezi wa ahadi ulikuwa umepita. Fadhili peke yake ingeniambia nikae kimya, huku nikimkwepa na kumsengenya. Ukali peke yake ungenituma mlangoni kwake mbele ya wageni. Fadhili ndani ya ukali ilinitaka nidai, lakini kwa namna ya kumwachia heshima yake. Nilimsubiri barazani mpaka tukabaki wawili, nikamwuliza ni lini ataweza, tukakubaliana alipe kwa mafungu manne. Mstari wa tatu usiku ule ulisomeka hivi: "Sikuwa na shida na fedha. Nilitaka aniogope." Miezi minne ya mianga ya Zohar haikuwa imenionyesha jambo hilo.

Jihadhari: mstari wa tatu ndio utakaoanza kuukwepa kuanzia wiki ya pili. Kama siku tano mfululizo umeandika "hakuna", basi wa tano kati ya hizo ndio uongo wenyewe.

Hatua ya 7: Tafuta mwenzi, kisha mwalimu

Wayahudi husoma wawiliwawili, na ushirika huo huitwa *havruta*. Mmoja husoma aya kwa sauti, mwingine hupinga, kisha hubadilishana. Chagua mtu asiyekuogopa. Saa moja kwa wiki inatosha, hata kwa simu.

Mwalimu ni kazi ngumu zaidi. Nairobi ina jumuiya ya sinagogi iliyodumu zaidi ya karne moja, na karibu na Mbale, Uganda, wapo Abayudaya, jumuiya iliyoanzishwa na Semei Kakungulu mwaka 1919. Usitarajie darasa la Kabala mlangoni, lakini utapata watu wanaoishi na Torati kila siku, nao wanaweza kukurekebisha mambo ya msingi. Andika kwanza uombe ruhusa. Kwa mwalimu wa mtandaoni, uliza maswali matatu: alijifunza kwa nani, anashika vipi amri za dini yake, na somo linagharimu nini mwaka mzima. Anayekasirika kwa swali la kwanza amekwisha kulijibu. Na ukiambiwa umfiche mwenzi wako wa ndoa yale unayofundishwa, ondoka siku hiyohiyo.

Hatua ya 8: Sasa fungua Zohar

Umefika hapa baada ya miezi minane au zaidi. Zohar imeandikwa kwa Kiaramu. Mapokeo yanaihusisha na Shimon bar Yohai wa karne ya 2, na uchunguzi wa mwanazuoni Gershom Scholem uliiweka kwenye kalamu ya Moses de León wa Hispania, aliyefariki mwaka 1305. Usimalize nguvu zako kwenye ugomvi huo. Tafsiri ya Kiingereza ninayoielekeza ni ile iliyoanzishwa na Daniel C. Matt, yenye juzuu 12, iliyokamilika mwaka 2017, kwa sababu maelezo ya chini ya ukurasa mara nyingi ni marefu kuliko maandishi yenyewe, na wewe utayahitaji yote.

Anza na fungu la *Lekh lekha*, kwa kuwa aya yake unaijua tayari. Soma aya katika Biblia, soma kipande kimoja cha Zohar, kisha weka mchoro wako kando uone nani ni nani: mwezi, bahari na binti mfalme kwa kawaida ni Malkhut, jua na mfalme ni Tiferet, mama ni Bina. Ukurasa mmoja kwa wiki ni mwendo mzuri. Sehemu zinazoitwa Idra, zinazoueleza uso wa Mungu kwa viungo na nywele, ziache hadi upate mwalimu.

Mambo yakikwama

*Nimesoma miezi miwili na sioni mabadiliko.* Wewe si shahidi mzuri wa jambo hilo. Mwulize mtu unayeishi naye kama umekuwa mwepesi au mgumu zaidi kuishi naye, na upokee jibu bila kujitetea.

*Nimeruka siku katika mzunguko wa 49.* Sheria ya Kiyahudi humwacha aliyesahau siku nzima aendelee kuhesabu, ila bila baraka. Wewe nawe endelea na namba ya leo. Usilipe siku mbili kwa mkupuo, na usirudi mwanzo.

*Usingizi umekata, nasikia sauti, au kila namba ya gari naiona kama ishara.* Acha kusoma leo. Talmud, mkusanyo wa sheria na visa vya marabi wa kale, inasimulia wanne walioingia bustanini, yaani kwenye siri hizi: Ben Azzai alitazama akafa, Ben Zoma alitazama akarukwa na akili, Elisha ben Abuya akakata miche, yaani akaiacha imani, na Rabi Akiva peke yake akaingia salama akatoka salama. Kula, lala, rudi kwenye kazi za mikono, na hali ikiendelea kwa siku kadhaa mwone daktari, umweleze yote bila kuona haya.

*Mchungaji wangu, au shehe, anasema huu ni ushirikina.* Mwonyeshe 1 Mambo ya Nyakati 29:11 na umweleze unachofanya usiku kwenye daftari, bila kumfunulia kurasa zenyewe. Usibishane. Akikuuliza jambo usilolijua, sema hulijui.

*Majina yanaandikwa kwa namna nyingi, nifuate ipi?* Hesed, Chesed na Khesed ni neno moja. Herufi ya kwanza ni ile *het* inayokaribia "kh" ya Kiarabu. Jina la somo lenyewe ndilo la kuangalia: likianza na Q katika vitabu vya Kiingereza, mara nyingi unashika kitabu cha mambo ya siri ya Ulaya, chenye kadi za taroti, ambazo si sehemu ya Kabala ya Kiyahudi.

*Herufi zinanichanganya.* Jozi zinazosumbua ni bet na kaf, he na het, na zaidi ya zote dalet na resh. Ziandike jozi hizo kando kwa kando, kila jozi mara 20, ukitazama kona tu: dalet ina kona kali inayochomoza nyuma, resh imepinda kama mgongo wa kijiko. Waandishi wa Torati huiandika dalet ya neno *ehad*, mmoja, kwa herufi kubwa katika Kumbukumbu la Torati 6:4, kwa sababu ikisomwa resh neno linakuwa *aher*, mwingine.